Uso wa Profesa Kutu

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini sikio la kulia limetulia, na la kushoto bado linanasa umbea. Ulisema simu siku hizi inakuvumia kama nyuki ndani ya kopo, basi nimenunua karatasi na kalamu, na mkono umesahau kazi kabisa. Utanisamehe kwa mwandiko. Wewe uliandika maneno ya matoleo ishirini na sita bila kupinda mstari hata mmoja, na bado mtoto uliyemzaa ni mimi.

Habari ni hii: filamu imepita. Kile kitabu chenu cha katuni, mlichokuwa mnakitengeneza wewe na Baba kwenye meza ya chumbani, yeye anachora na wewe unajaza maneno, sasa kinakwenda sinema. Ukuta wa ofisi yetu umebandikwa kurasa zenu zote. Kila asubuhi watu wanasimama pale na vikombe vya chai kubishana kwa nini Cheche akitembea mguu wake wa kushoto unatoka nje kidogo. Mimi ni mhariri wa picha tu, mtu wa kukata na kuunga, lakini kwa kuwa ni mtoto wa mwenye kitabu wananiuliza hata mambo ya hadithi.

Kuna mabadiliko, na najua utakunja uso. La kwanza, Cheche atavua barakoa. Fundi wa kuchomelea anayepambana na wabaya kurasa mia sita bila kuonyesha sura, kwenye skrini hawezi. Watu wanataka macho. Hilo nimelipigania mimi mwenyewe mkutano mzima, na unajua kwa nini. La pili, Profesa Kutu amepewa utoto wa huzuni: mama yake alimtupa kwenye jaa la vyuma chakavu, ndiyo maana akikua anaozesha kila chuma anachokigusa. La tatu, mwishoni anakufa. Anatumbukia kwenye tanuru la kuyeyushia chuma.

Naomba picha ya Baba. Watu wa mekapu wanataka mwigizaji wa Cheche afanane naye, kwa sababu nimewaambia wote kwamba Cheche ni yeye. Nina miaka thelathini na nne, Mama, na sikumbuki alikuwa anachekaje. Siku barakoa itakapovuliwa nataka nikae kwenye kiti nimwone.

Mwanao,
Kifutio


17 Februari

Mwanangu Kifutio,

Marahaba. Sikio la kushoto halijambo, na umbea upo wa kutosha. Mwandiko wako ni mbaya sana, herufi zinalala chali, lakini nimeusoma mara tatu, kwa hiyo endelea kuandika vibaya hivyo hivyo. Na nimefurahi unalitumia bado jina lako. Mtoto aliyekula vifutio vitatu vya baba yake kwa wiki moja hawezi kuitwa vingine.

Habari ya filamu nimempa jirani yangu fundi saa kabla sijamaliza kusoma barua, naye amewapa wateja wake, kwa hiyo mtaa mzima unajua.

Ila hiyo barakoa, kwani ni lazima? Watu wamekaa nayo miaka yote na hakuna aliyelalamika. Kilichofunikwa kilifunikwa kwa sababu. Lakini hayo ni yenu, siyaingilii.

Anayenisumbua ni Profesa Kutu. Kwanza hakutupwa na mtu. Alikuwa na mama mzuri tu, aliyempigia pasi mashati. Alikuwa mbaya kwa sababu ubaya ulimpendeza, basi. Akiona gari jipya la mkubwa fulani linang'aa, kidole kinamwasha. Mkimpa machozi mtamwondolea raha yote. Pili, afe kwa nini? Katika matoleo ishirini na sita hakufa hata mara moja. Kila mwisho alitoroka, mara ndani ya pipa, mara chini ya gauni la bibi harusi. Waambie wamwache atoroke. Nakuomba, mwanangu. Tangu uondoke hapa nyumbani sijakuomba kitu.

Picha ndiyo hiyo, ya harusi. Hakuna nyingine, kwa kuwa alichukia kupigwa picha kuliko kung'olewa jino. Maji yaliingia kwenye fremu mwaka ule bomba lilipopasuka. Na kama unavyoona, alikuwa na nywele nyingi, hana ndevu, na alitikisa kichwa mpiga picha alipobonyeza. Sidhani kama itawafaa.

Kula vizuri.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Picha imefika. Ni kweli, anaonekana kama mtu aliyekuwa anapita. Watu wa mekapu wamejitahidi: wamechukua taya, wamechukua urefu, kisha wakaongeza uzuri ambao nadhani Baba hakuwa nao, maana nyota wetu hakubali kutoka na pua ya kawaida. Cheche sasa ana sura ya mtu wa tangazo la sabuni.

Na Profesa Kutu, mbona unamtetea hivyo? Mimi yule mtu simpendi tangu utotoni. Unakumbuka nilivyochukua wembe nikamtoboa macho toleo zima la tisa, na la kumi? Ulinichapa. Ndiyo mara pekee uliyowahi kunichapa, na mpaka leo nadhani ilikuwa kwa sababu ya wembe.

Anayemwigiza ni mtu wa jukwaani, mpole, hana jina kubwa. Aliomba kila ukurasa wenye Kutu, akazibandika kurasa zote kuzunguka kioo chake, na kila asubuhi anakaa saa nzima akiiga picha moja baada ya nyingine, nyusi, shingo, vidole. Wamemnyoa upara na kumbandika ndevu za kidevuni. Anatisha kweli.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Fundi saa ana kompyuta, akuonyeshe. Ni dakika sita za majaribio, nne za Cheche na mbili za Kutu. Niambie kama taya ni la Baba.

Mwanao,
Kifutio


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na homa kidogo, imepita.

Flashi nimeiona. Kuhusu taya sijui.

Huyo anayeigiza Profesa Kutu ni mtu wa wapi? Ana mke? Ule mtindo wa kujikuna nyusi kwa kidole kidogo kabla ya kusema neno baya ameutoa wapi? Kwenye kitabu upo mara moja tu, toleo la nne, na wasomaji hawakuuona. Sauti siyo. Ilitakiwa iwe nyembamba, ya mtu ambaye ametoka kupiga chafya. Nilimwambia fundi saa aizime, tukaangalia kimya.

Kama una nyingine za huyo mbaya nitumie. Za Cheche zinatosha.

Mama yako


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka mwongozaji akauliza kulikoni. "Ana mke?" Mwigizaji nimemuuliza kwa niaba yako. Anaye, na watoto watatu. Pole.

Lakini fundi saa ameniandikia kwenye simu. Anasema unakwenda kwake kila siku baada ya chakula cha mchana, unakaa kwenye kigoda, unaangalia dakika mbili zile zile, unashukuru, unaondoka. Anasema hata chai hutaki. Anadhani unanikumbuka mimi. Kama ndivyo, nami nakukumbuka, ila mimi simo kwenye ile flashi. Una nini?

Tukio la tanuru tunalirekodi tarehe kumi na mbili Mei. Lile ombi lako la kutoroka nililitaja mara moja mkutanoni na sikusisitiza. Nakuambia ukweli. Mtu aliyemsumbua Baba matoleo ishirini na sita, acha afe. Nitakuwepo nione.

Nami nina ombi. Kila nikikuuliza habari za Baba unanipa habari za Cheche: alikuwa jasiri, hakuogopa moto, alitetea wanyonge. Hizo ninazo, zimo kitabuni. Nipe moja ambayo haimo. Hata ikiwa ndogo. Viatu vyake alikuwa anaviweka wapi?

Mwanao,
Kifutio


1 Mei

Mwanangu,

Viatu aliviweka chini ya meza ya kuchorea, kimoja kikitazama huku na kingine kule, na kila asubuhi alikuwa na kimoja tu mkononi, akilaumu panya.

Sasa tafuta mahali ukae.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miaka ishirini na tisa. Baba yako si Cheche. Baba yako ni Profesa Kutu.

Mezani kwake kulikuwa na kioo cha kunyolea kimeegemea kopo la wino. Alipotaka Profesa Kutu akasirike, alikunja uso kwenye kioo, akajichora. Alipotaka acheke kile kicheko kibaya, alijichekea. Mimi niko upande wa pili na kalamu yangu najaza maneno, namwona, nacheka mpaka naharibu herufi, ananigombeza huku bado ana sura ya Kutu. Ule upara ni wake, nywele zilimtoka zote miaka miwili baada ya harusi. Ndevu ni zake. Alizidisha paji la uso na nyusi, basi. Kutwa nzima alisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, "ndiyo bosi, sawa bosi," hakuwahi kumwinulia mtu sauti. Akirudi anavua viatu, anakaa, na magari ya wakubwa yanaanza kuoza moja moja. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile.

Na Cheche ni mimi. Aliponihitaji aliniita, "Mama Kifutio, hebu simama pale dirishani, shika ufagio, fanya kama unachomelea." Mabega ni yangu, na huo mguu wanaobishania ofisini kwenu ni wangu, tangu nilipovunjika nikiwa msichana. Toleo la kwanza alimchora Cheche uso wazi, mwanamke. Mwenye mtambo wa kuchapa akasema hakuna atakayenunua fundi mwanamke wa kuchomelea. Baba yako alisema ndiyo bosi, sawa bosi, akarudi nyumbani, akanivisha barakoa. Aliniambia, "Watu hawatajua, ila mimi nitajua."

Ulikuwa na miaka mitano. Alikuwa amezikwa miezi miwili. Mimi nilikuwa nafua, nimechoka, na wewe uliniuliza Baba yuko wapi kwa mara ya kumi siku ile. Kisha ukaleta toleo la kumi na mbili, ukaweka kidole kwa Cheche ukasema, "Ni huyu? Ndiyo maana amefunika uso?" Nikasema ndiyo. Nilitaka tu uache kuuliza mpaka nimalize kusuuza. Ukaenda ukakaa na kitabu kile kifuani, na jioni ukawaambia watoto wote kwamba baba yako ni Cheche, na walikuamini, na hukulia tena. Ningekunyang'anyaje? Nikasema akikua nitamwambia. Ukakua, ukampenda zaidi. Siku ulipomtoboa macho Profesa Kutu nilikuchapa, kisha nikaingia bafuni nikalia, kwa sababu hukujua ni macho ya nani, na mimi ndiye niliyekufanya usijue.

Nilipoiona flashi nilimwona amesimama. Yule kijana wa watu amemwiga kwenye karatasi mpaka amempata. Miaka ishirini na tisa sijamwona mume wangu akigeuza shingo. Ndiyo homa yangu hiyo, na ndicho kinachonipeleka kwa fundi saa.

Usiwaache wamtie kwenye tanuru. Najua barua inachukua siku nane au tisa. Leo nimesimama mara mbili mlangoni kwa fundi saa ili akupigie simu, nikarudi. Ningemwambiaje mtu wa nje kabla yako?

Mama yako


10 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu. Hasira ni haki yako. Ila niandikie hata mstari mmoja kwamba unakula.

Kwa fundi saa siendi tena.

Mama yako


2 Julai

Mama,

Shikamoo.

Barua zako mbili nimezikuta jana kwenye droo ya mtu wa mapokezi, amezifunga kwa mpira. Tangu mwishoni mwa Aprili tulikuwa kwenye kiwanda cha chuma kilichofungwa, mbali na ofisi, na hakuna aliyekumbuka kunitumia barua kwa sababu siku hizi hakuna anayeandikiwa barua isipokuwa mimi.

Tarehe kumi na mbili Mei nilikuwepo. Alipotumbukia nilipiga makofi. Wote walipiga, ni kawaida tukio kubwa likiisha, lakini mimi nilipiga kwa moyo wangu wote.

Jana nilikaa na barua yako kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo. Akanipa pole, akauliza lini.

Nina hasira na wewe. Naiandika hapa nisije nikaificha, tumeshaona kuficha kunatufikisha wapi. Ulinipa baba wa chuma, nikakua najaribu kuwa chuma, na wewe unajua sikuweza. Kumbe nilikuwa na baba anayekunja uso mbele ya kioo, anayepoteza kiatu. Huyo ningemweza. Na hakuwa mbali, Mama. Alikuwa nyumbani, kila ukurasa, uso wazi, ananitazama. Kila nilipofunga kile kitabu nilikuwa natoka kumwona baba yangu na sijui.

Nilimwendea mwongozaji. Alinishika bega, akasema pole, akasema watu walioonyeshwa vipande ambavyo bado havijaungwa wamelipenda tanuru kuliko kitu chochote. Kurekodi upya haiwezekani.

Sasa sikia kazi yangu ilivyo. Tukio lile walilirudia mara saba. Wamemuua mara saba, kutoka pembe saba, na kazi yangu ni kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha na kuchagua kifo kipi kimependeza. Nimeangalia tangu asubuhi na sijachagua. Nikiacha kazi wataleta mtu mwingine achague. Niambie nifanye nini.

Kifutio


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Usiache kazi. Kifo chake kisije kikachaguliwa na mgeni.

Hasira yako nimeipokea na sitaijibu. Iweke hapo mezani, tutakula nayo ukija.

Nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Baba yako alilala hospitali wiki tatu. Toleo la ishirini na sita alilichorea kitandani, ubao juu ya magoti, na wauguzi wakimgombeza kwa wino kwenye shuka. Asubuhi nilichukua kurasa, nikaja kuandika maneno nyumbani, jioni nikarudisha. Siku ya mwisho zilibaki kurasa mbili, na mwenye mtambo alikuwa anasubiri. Nikajiambia nimalize kabisa, niende na kazi iliyokwisha, imfurahishe. Kwenye picha ya mwisho Profesa Kutu anatutazama, na juu yake kuna duara tupu la maneno. Hakuwa ameniambia anasema nini. Nikauchukua ukurasa nikaenda kumuuliza, nikakuta kitanda kimeshatandikwa.

Duara lile likachapwa hivyo hivyo, tupu. Wasomaji walidhani ni kosa la mtambo, wakaandika kulalamika.

Alikufa mchana kweupe na hakuna aliyemshika mkono. Mimi nilikuwa nyumbani nanyoosha herufi. Miezi hii yote nilikuwa nakusihi asife, kumbe kufa alishakufa siku nyingi, maji yakimwagika hayazoleki. Nilichokuwa nataka ni kingine, na ni kidogo tu. Katika hizo saba, angalia kama ipo moja ambayo hayuko peke yake. Kama haipo, chagua iliyo fupi.

Mama yako


30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Ipo.

Ni ya nne, na ilikuwa kosa. Nyota wetu hakuja kabisa siku ya tanuru, moto ungemharibia sura. Ndani ya barakoa ya Cheche alikuwepo dada mmoja wa sarakasi, ndiye anayeruka na kuning'inia badala yake. Mara ya nne moshi ulitoka kabla ya wakati, na mwigizaji wa Kutu akateleza kweli, akaanguka ukingoni mwa shimo kabla hajafika mahali pake pa kutumbukia. Yule dada akadhani ameumia. Alipangiwa asimame juu na kutazama chini kishujaa. Akaacha ushujaa, akashuka ngazi mbio, akapiga magoti, akaushika mkono wake kwa mikono miwili na yale maglavu. Kamera ilikuwa bado inafanya kazi. Ni sekunde kumi na moja mpaka mwongozaji alipopiga kelele wakate. Na Kutu, kwa kuwa ni mtu wa jukwaani na hakuna aliyemwambia aache, alibaki amekufa muda wote huo.

Nilikuwa nimeipita mara nyingi kwa sababu kwenye karatasi yangu imeandikwa "mbovu".

Nimeiunga hivi: anateleza, anaanguka, Cheche anashuka, anamshika mkono, anakufa. Tanuru linawaka nyuma yao. Haingii.

Mwongozaji alikataa. Alisema shujaa hapigi magoti mbele ya adui. Nikamwambia huyu anapiga. Tulibishana siku nne, akanitishia kuniondoa. Siku ya tano nilimpa barua yako ya tarehe moja Mei aisome. Samahani, sikukuomba ruhusa. Aliisoma akiwa amesimama, akatoka nje, akarudi akasema, "Acha hiyo."

Barakoa bado inavuliwa, dakika mbili baadaye, na anatokea yule wa sabuni. Hilo limenishinda, sura yake iko kwenye mabango kila mahali. Na Kutu bado ana ule utoto wa jaani. Nisamehe kwa hilo, na umwombe radhi Bibi popote alipo kwa zile pasi zake.

Nimemwangalia sana Baba wiki hizi, mbele na nyuma, picha moja moja, kama kazi yangu inavyotaka. Nimejua anavyogeuza shingo. Kuhusu kicheko sina hakika, kwa kuwa sijui kipi ni chake na kipi cha mwigizaji. Itabidi unionyeshe wewe.

Mwanao,
Kifutio


16 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Jana nimekwenda. Nilichagua maonyesho ya saa nane mchana ili nisikutane na mtaa mzima, nikawakuta wote wamechagua saa nane. Fundi saa alivaa koti.

Mmebadilisha mengi. Nyumba ya Cheche imekuwa kubwa mno kwa fundi, na lile jaa la vyuma nimelivumilia kwa ajili yako. Sauti ya Kutu ni nzito mpaka mwisho, lakini sikio langu bovu la kulia lilinisaidia, nikaigeuzia skrini hilo. Uso wa sabuni ulipotoka nilifumba macho, na waliokaa karibu nami wakadhani nimeguswa.

Lile nililolijia nimeliona. Nilijua linakuja, ulishaniandikia, na bado lilinikuta sijajiandaa. Alivyoshuka zile ngazi, huyo dada, hakukimbia vizuri, alikimbia kama mtu aliyechelewa. Mwambie nimesema asante. Usimweleze ni ya nini. Sekunde kumi na moja ni nyingi, mwanangu. Nilipata muda wa kumtazama usoni na wa kutazama mikono, na bado zikabaki.

Njoo Desemba. Nimetoa matoleo yote kabatini, nimeyapanga mezani kwa ajili yako, na yale uliyoyatoboa pia yapo. Kicheko nitakuonyesha. Siwezi kukiandika.

Nyuma yangu walikaa mzee mmoja na mkewe. Wakati wa zile sekunde mzee akamuuliza mkewe, "Kwani hawa walikuwa wanapendana?" Mkewe akamwambia, "Wapendane wapi, hawa ni maadui toka mwanzo, wewe ulikuwa umelala."

Nikageuka. Nikamwambia, "Samahani, mama. Hakulala. Ameona vizuri."

Mama yako